Video umeielewa, karata zimekataa: kutafuta kosa katika mazingaombwe ya karata

Umeitazama video mara 10, umesimamisha, umerudisha nyuma, na bado ukiinua karata mbili zinakuja tatu, au mtoto aliyekaa pembeni anapaza sauti: "Nimeona!" Mara nyingi kosa halipo pale unapolitafuta. Hila inaharibikia mbele ya macho ya watu, lakini kosa lilishaingia hatua mbili au tatu nyuma: kwenye namna ulivyoshika pakiti, kwenye karata zenyewe, au kwenye upande ambao kamera ya mwalimu ilisimama. Ndiyo maana kuirudia tu hatua iliyoshindikana hakuleti nafuu. Unaizoeza mikono kukosea kwa ufasaha.

Tukubaliane maneno kwanza. Karata imelala kifudifudi ikiwa mgongo wake uko juu, na imelala chali ikiwa uso uko juu. Mwanya ni nafasi ndogo kati ya karata, inayoshikiliwa na nyama ya kidole cha mwisho na ambayo mtazamaji hatakiwi kuiona. Maelezo yote ni ya mtu anayeshika pakiti kwa mkono wa kushoto. Anayetumia shoto ageuze.

Karata zinagandana, au zinateleza zote kwa mkupuo

Anza hapa hata kama una hakika tatizo ni vidole. Laza pakiti mezani, isukume kwa kidole cha shahada kwenye ukingo. Karata zinatakiwa kulala kama ngazi, kila moja ikiacha nafasi yake. Zikitoka kwa mafungu ya tatu tatu au nne nne, hakuna kidole kitakachozitenganisha mbili kwa uhakika, na mwalimu wa kwenye video hawezi kukusaidia.

Dodoma adui wa kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unapuliza vumbi jekundu hadi ndani ya boksi lililofungwa, na chembe zake zikikaa kati ya karata utasikia mkwaruzo mdogo unapozitandaza. Futa kila karata pande zote mbili kwa kitambaa laini kikavu. Karata 52 zinamalizika kwa robo saa, na tofauti utaihisi papo hapo. Usipake poda ya watoto. Siku ya kwanza karata zitateleza vizuri, lakini poda hiyo inanyonya jasho la mikono na kugeuka uvimbe mdogomdogo ambao ni mbaya kuliko vumbi lenyewe.

Adui wa pili ni kujikunja. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, karata za karatasi hunywa unyevu. Kiangazi hukauka kupita kiasi, hasa ukiziacha kwenye dashibodi ya gari au kwenye rafu iliyo karibu na bati. Weka pakiti mezani na uinamishe macho usawa wa meza. Ukiona mwanga unapita katikati, zimepinda. Zikunje taratibu kuelekea upande wa pili, zirudishe kwenye boksi, na uzilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito. Pakiti iliyopinda ndiyo sababu kubwa ya karata mbili kuachana hewani, kama tutakavyoona.

Kujua karata zako ni za aina gani, chukua joka (jokari) moja upinde kona yake. Ya karatasi iliyopakwa plastiki itabaki na alama. Ya plastiki tupu itarudi ilivyokuwa. Ya plastiki inafutika kwa kitambaa chenye unyevu, ya karatasi kamwe. Pima na upana pia. Karata pana ni milimita 63 kwa 88, nyembamba ni milimita 57 kwa 88. Walimu wengi wa video wanatumia zile pana, hivyo mwenye mkono mdogo anayehangaika asione aibu kununua nyembamba. Hila nyingi hazibadiliki.

Kisha hesabu. Ziwe 52 bila joka. Pakiti iliyotoka barazani kwenye arobastini au lasti kadi mara nyingi imepunguzwa karata au ina moja iliyokunjwa sikio. Karata moja kupungua hakuathiri hila za vidole, lakini kunaua hila nyingi za hesabu. Na karata yenye sikio watazamaji wataitambua kabla yako.

Kuhusu mikono: ngozi ikikauka kwa hewa ya kiangazi, vidole havishiki. Nawa, jifute, paka losheni kidogo sana dakika 20 kabla ya mazoezi. Mafuta mazito ya mgando yanahamia kwenye karata. Na ukitoka kula nyama choma mnadani, nawa kwa sabuni, hata kama umejifuta kwa karatasi.

Meza ya kioo au sakafu ya marumaru inafanya karata ing'ang'anie chini. Mkeka unameza kona zake kwenye ukili. Kunja blanketi lipate kipande cha sentimita 30 kwa 40, na tatizo limekwisha.

Vidole vyako vinakwenda kinyume na vya mwalimu

Mwalimu aliyeketi akitazama kamera, mkono wake wa kushoto unaonekana kuliani kwako. Ubongo unaiga kama kioo bila kukuuliza, halafu hatua ya tatu inakwama kwa sababu umeshashika pakiti kwa mkono usio wake. Angalia saa ya mkononi, pete, au mkono unaogawa karata. Hapo utajua video imepigwa kutoka upande gani.

Ikiwa ni upande wa mtazamaji, simamisha simu mbele ya kioo cha ukutani na uitazame video kupitia kioo. Kila kitu kitageuka na kukaa upande wako. Programu nyingi za kuhariri video pia zina kitufe cha kugeuza picha kushoto-kulia. Video bora kwa anayeanza ni ile iliyopigwa kutoka juu ya bega la mwalimu, ambapo mikono unayoiona ni kama yako.

Umepunguza kasi mpaka mwisho, bado huoni kinachotokea

Video nyingi hupigwa kwa fremu 30 kwa sekunde. Kitendo kinachochukua moja ya tano ya sekunde kimo ndani ya fremu 6 tu. Ukiteremsha kasi hadi 0.25 unazitazama fremu zilezile 6 kwa muda mrefu zaidi, wala hakuna picha mpya inayozaliwa. Kwa hiyo acha kupunguza kasi, tazama fremu moja moja. Kwenye kompyuta, YouTube ikiwa imesimamishwa, kitufe cha nukta kinasogeza fremu moja mbele na cha mkato kinarudisha moja nyuma.

La pili ni ubora wa picha. Ukiangalia kwa 144p ili kuokoa bando, vidole vinakuwa ukungu. Tazama maelezo na maongezi kwa ubora wa chini, kisha rudi kwenye zile sekunde 20 za mikono kwa 720p. Bando haliishi, na macho yanapata haki yake.

Kama bado huoni, jiulize kama video yenyewe inafundisha au inajionyesha. Dalili za kujionyesha: mikono inatoka nje ya picha kabla ya tukio, mwanga unabadilika ghafla juu ya karata, kivuli kinaruka, au hakuna mahali mwalimu anarudia kitendo bila maneno ya kuburudisha. Video ya namna hiyo huwa imekatwa kwenye uhariri, na mikono ya mwanadamu haina mkasi wa kukata sekunde.

Sababu nyingine ni pakiti maalumu. Ipo inayoitwa Svengali: karata 26 ni za kawaida, na 26 ni karata moja iliyorudiwa, fupi kidogo kuliko nyingine, zimepangwa kwa kupishana: moja ya kawaida, moja fupi. Huwezi kufanya kazi ya pakiti hiyo kwa karata ulizonunua dukani Majengo au Sabasaba hata ufanye mazoezi mwaka mzima. Mwalimu akipitisha kidole gumba kwenye ukingo na kumwambia mtu "sema simama", kisha karata inayotoka ni ileile kila mara, shuku hilo kwanza.

Kuinua mbili kama moja: zinakuja tatu, au moja, au zinaachana

Hapa ndipo wengi wanakwama, na inafaa kukaa hapa kwa muda, kwa sababu kitendo hiki ni mzizi wa hila nyingi utakazokutana nazo.

Kwanza mshiko. Pakiti ilale kwenye kiganja cha kushoto, gumba likiwa limejilaza kwenye ukingo wa kushoto, kidole cha shahada mbele kwenye ukingo mfupi wa juu, na vidole vitatu vilivyobaki kuliani. Shahada ikiwa kuliani pamoja na wenzake, pakiti inafunguka mbele kama mdomo na mwanya wako unaonekana na kila aliyeketi mbele yako. Kosa hili peke yake linaeleza nusu ya malalamiko.

Sasa kupata mwanya. Mkono wa kulia ufunike pakiti kutoka juu, gumba kwenye ukingo mfupi ulio karibu nawe, vidole kwenye ukingo wa mbali. Kwa ncha ya gumba inua kona ya karata mbili za juu, ukizihisi zikiachia moja, kisha ya pili. Nyama ya kidole cha mwisho cha kushoto iingie chini yake milimita 3 hivi. Nyama tu, kucha isiingie. Kidole kizima kikiingia, pakiti inanyanyuka kwa nyuma na hata asiyejua kitu atashuku.

Tafuta dalili yako hapa.

*Zinakuja tatu.* Gumba linakwaruza badala ya kuhesabu. Fanya mazoezi ya kuachia karata za juu moja moja kwa gumba, ukisikiliza, bila kuinua chochote. Fanya hivyo mara 50 kabla ya kurudi kwenye hila. Pakiti mpya nayo hugandana. Ichange vizuri mara 10 kabla ya kuitumia.

*Inakuja moja.* Mwanya ulikuwepo ila umeupoteza ulipohamisha mkono. Kidole cha mwisho kinafuata wenzake kikiinuka. Jizoeze kushika mwanya huku mkono wa kulia ukiondoka kabisa, ukikuna sikio, ukirudi. Ukiweza kusalimia mtu bila kuupoteza, umeshaiva.

*Zinaachana zikigeuzwa, ukingo wa pili unachungulia.* Hapa ndipo pakiti iliyopinda inakuumbua. Ikiwa karata si tatizo, basi unazishika katikati. Zishike kwenye kona ya kulia iliyo karibu nawe, gumba juu, shahada na kidole cha kati chini, uzibane ziwe na mkunjo mdogo sana wa kwenda urefu, kisha uzigeuze kama ukurasa wa kitabu kuelekea kushoto. Mkunjo huo unazifunga pamoja. Zikifika chali, ziache zilale juu ya pakiti zikisogea mbele sentimita 1 hivi, ili uweze kuzishika tena bila kuchokora.

*Zinakaa vizuri lakini watu wanashuku.* Unazigeuza kwa uangalifu mno. Mtu akigeuza karata moja ya kweli haishiki kama yai. Geuza karata moja halisi mara 20 huku ukijirekodi, kisha geuza mbili, na ulinganishe kasi. Ukiona ya pili ni ya polepole, umepata kosa.

Na jambo ambalo video hazisemi: mwanya unapatikana kabla, wakati mtu anacheka au anajibu swali. Ukiutafuta sekunde ileile unayohitaji kuinua, hakuna maneno yatakayokufunika.

Karata ya jirani inakudanganya

Njia ni hii: unaiona karata ya chini kabisa ya pakiti kwa siri, mtu anarudisha yake juu, unakata, na ile ya chini sasa inakaa jirani na yake. Ni hila rahisi na nzuri, na ikishindikana kuna sababu nne tu.

Umeangalia upande usio wake. Ukigawa karata moja moja kutoka juu na kuzilaza chali mezani, jirani inatoka kwanza na karata ya mtu inafuata. Lakini ukiigeuza pakiti nzima chali na kuitandaza mikononi kutoka kushoto kwenda kulia, mambo yanageuka: karata ya mtu inatokea kabla ya jirani, na iko kuliani kwake. Video moja inafundisha kugawa, nyingine kutandaza. Anayechanganya mbili hizo atataja karata ya upande wa pili kila mara, kwa ujasiri kamili.

Jirani imetokea ya mwisho. Mtu amekata katikati ya zile mbili, jirani ikabaki chini na yake ikawa juu kabisa. Ukigawa hadi mwisho na jirani ndiyo ya mwisho, karata yake ilikuwa ya kwanza kabisa kutoka. Ihifadhi ile ya kwanza kichwani kila unapoanza kugawa.

Mtu amezichanga. Kukata, hata mara 20, hakuvunji ujirani mradi kila mkato umekamilika, yaani fungu la chini limerudi juu. Kuchanga kunavunja, ila si kwa kiasi unachodhani. Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa kwa kuingiliana nusu kwa nusu karibu mara 7 ndipo zichanganyike vya kutosha. Diaconis mwenyewe alikuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa mwanahisabati, na inaonekana. Kwa hiyo mtu akichanga hivyo mara moja tu, usikate tamaa: mara nyingi karata yake itakuwa moja hadi tatu baada ya jirani. Zitenge kichwani na uulize: "Yako ni nyekundu?" kwa sauti ya anayethibitisha.

Umeisahau jirani. Inatokea kwa sababu uliiona mapema mno kabla ya maongezi. Ichungulie wakati unasawazisha pakiti, ukiigonga ukingo mezani, karibu na muda wa kuitumia. Mfalme wa shupaza unakumbukika zaidi kuliko 7 ya uru, kwa hiyo ukiweza kata mpaka upate karata yenye sura.

Kuna njia ya kuepuka kumbukumbu kabisa. Chukua joka na wembe mkali, upunguze ukingo wake mfupi milimita 1, uviringe kona zake kwa mkasi. Ukipitisha gumba kwenye ukingo mfupi wa pakiti, vidole vitasimama penyewe hapo. Hiyo ndiyo jirani yako ya kudumu.

Hila ya karata 21: karata ya mtu haitoki ya 11

Hila hii ya mistari mitatu ya karata saba saba haihitaji mkono mwepesi wala mazoezi, kwa hiyo ikishindikana umekosea kugawa au kukusanya.

Gawa kwa kwenda upande: moja kushoto, moja katikati, moja kulia, kisha rudia. Anayemaliza mstari mmoja wa saba kabla ya kuanza wa pili ameua hesabu. Mtu anaonyesha mstari wenye karata yake, unakusanya mstari huo uwe katikati ya miwili mingine, na unafanya hivyo mara tatu. Baada ya mara ya kwanza karata yake iko kati ya nafasi ya 8 na 14. Baada ya pili, kati ya 10 na 12. Baada ya tatu iko ya 11, ambayo ni katikati kamili ya 21, hivyo ukihesabu kutoka juu au kutoka chini ni sawa. Kwa sababu hiyo kuigeuza pakiti hakuharibu kitu.

Imetoka ya 10 au 12? Umekusanya mara mbili tu, au mstari mmoja una karata 6. Imetoka mbali kabisa? Mstari wake hukuuweka katikati mara moja kati ya tatu. Kosa la tatu si la hesabu: watazamaji wanachoka. Kugawa karata 21 mara tatu kimya kimya kunachosha watu hata kama mwisho wake ni mzuri. Sema nao. Waulize wanatoka wapi, Kondoa au Mpwapwa, muda wote vidole vikigawa.

Kulazimisha karata kwa kukata msalaba: mtu anashtuka

Karata unayoitaka iko juu. Mtu anakata fungu la juu na kuliweka mezani. Wewe unalaza fungu lililobaki juu yake kwa msalaba. Baadaye unanyanyua fungu la juu na kumwambia achukue karata "uliyoikatia". Anachukua ile iliyokuwa juu tangu mwanzo.

Akishtuka, hukumpa muda. Kati ya msalaba na kunyanyua ziwepo sekunde 10 hadi 20 za maongezi ambayo hayahusu kukata, na macho yake yawe kwako. Na usinyanyue fungu la chini kwa bahati mbaya. Hilo ndilo kosa la pili na la mwisho.

Unachanga huku ukitunza karata ya juu, na inapotea

Fanya kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza: vuta karata ya juu peke yake kwenye mkono wa kushoto, kisha tupia fungu zima juu yake kwa mapigo ya kawaida. Karata yako sasa iko chini. Awamu ya pili: changa kwa mafungu, lakini zikibaki kama tano, ziachie moja moja mpaka ya mwisho. Imerudi juu.

Inapotea kwa sababu mbili. Kwenye pigo la kwanza umevuta mbili, basi yako imekuwa ya pili kutoka chini. Au awamu ya pili umetupia fungu la mwisho zima badala ya kuachia moja moja. Jaribu kwa karata iliyogeuzwa chali mpaka uone inavyosafiri. Ni dakika tano tu, na hutaisahau njia yake.

Kwenye kioo inakwenda, mbele ya watu inaonekana

Kioo kinakuonyesha pembe moja, ya mbele. Kamera ya mwalimu nayo ni jicho moja lisilosogea. Sebule ya Dodoma ina watu kwenye makochi, mwingine kwenye mkeka, mtoto mlangoni, na jirani amesimama nyuma yako. Hila nyingi za mwanya na za kuficha karata kiganjani zina pembe za hatari upande wa kushoto na nyuma.

Keti mgongo ukielekea ukuta. Waombe watu wakae mbele kwa upana unaoweza kuwaona wote bila kugeuza kichwa. Inamisha pakiti kidogo, upande wa mbele ushuke. Epuka kuketi mbele ya dirisha au kabati la vioo, kwa maana uso wa karata utasomeka nyuma yako. Kwa mzee aliyeketi chini, unahitaji pembe nyingine kabisa: mikono ishuke mpaka usawa wa kifua chake.

Jirekodi kwa kamera ya nyuma ya simu, simu ikiwa imeegemezwa kikombe, umbali wa mita 1, usawa wa macho ya mtazamaji. Kisha rekodi ya kutoka kushoto, na nyingine kutoka kulia. Utagundua pia jambo ambalo kioo hakitakuambia kamwe: wanafunzi wengi hufumba macho sekunde ya hila. Aliyezoea kioo hufumba ili asijione akikosea, na watazamaji wanaijua sekunde hiyo hata kama hawajaona karata.

Macho ndiyo yanayoongoza. Ukitazama mikono yako, wote wataitazama. Sekunde ya kitendo inua uso, mtazame mtu, uulize swali linalohitaji jibu: "Umeikumbuka?" Atakutazama. Mkono mzima ukisogea, kitendo kidogo cha kidole hupotea ndani yake, kwa hiyo kitendo cha siri kifanyike wakati mkono unaelekea kwenye kitu fulani, kamwe usiwe umetulia.

Mtu anasema ni uchawi, au hataki kushika karata

Usilichukulie kwa wepesi. Katika nyumba nyingi karata zinahusishwa na kamari, na wapo wanaohofia ushirikina. Chanzo cha hofu mara nyingi ni maneno uliyoyatoa kwenye video ya Kiingereza na kuyatafsiri: roho, nguvu, kusoma mawazo. Yaache. Anza na "Shikamoo", omba ruhusa ya mwenye nyumba, na useme wazi: "Haya ni mazingaombwe, mzee, kiini macho cha mikono tu." Neno hilo lina heshima yake na halipunguzi mshangao. Akikataa kushika, mwache atazame, mwombe mwingine.

Usiweke dau. Michezo ya kubahatisha kwa fedha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na watu wanaoijua karata tatu ya stendi wanajua wizi ukoje. Mara tu hela ikiingia, wewe na yule wa stendi mko meza moja.

"Rudia!"

Usirudie kwa njia ileile. Mara ya kwanza hawakujua watazame nini. Mara ya pili wanajua. Kama wameng'ang'ania, fanya hila yenye mwisho unaofanana kwa njia tofauti: ikiwa uliipata kwa jirani, sasa ipate kwa kukata msalaba.

Karata uliyotoa siyo yake

Kabla haijatokea, badili mazoea mawili. Mwambie anayechagua awaonyeshe na wenzake, maana mara nyingine wewe umepatia ila yeye amesahau. Na usiulize "Ni hii?" ukiwa umeionyesha. Ilaze kifudifudi mezani, mwambie ataje yake kwanza. Akitaja tofauti, hakuna aliyeona umekosa.

Sema, "Ngoja nihakikishe bado imo," tandaza pakiti nyuso zikielekea kwako, itafute aliyoitaja, na ukate hapo ili ije juu ukifunga. Chukua ile ya mezani bila kuionyesha, ichomeke katikati ya pakiti, gonga mgongo wa pakiti kwa kidole mara moja, subiri sekunde 2, kisha umwachie yeye mwenyewe ageuze ya juu.